Safari ya Kilosa na ile risiti tupu

Najua nimepotea. Wiki tatu bila neno, na wengine mmeanza kuuliza kama nimepigwa diski. Hapana jamani, nipo. Majaribio yalibana, bumu likachelewa, si mnajua tena maisha ya chuo. Leo nimerudi na habari ya ile safari yetu ya siku moja ya Mikumi na Kilosa. Picha mmeshaziona kwenye magrupu: tuko juu ya baiskeli, tuko pangoni, tunacheka. Picha ni nzuri, sikatai. Lakini kuna kitu kimoja kilichotokea jioni ambacho hakuna aliyekipiga picha, na mimi nilikuwa katikati yake nimeshika kalamu. Nitafika huko, nivumilieni.

Tuliondoka Morogoro saa kumi na moja alfajiri, watu 28 kwenye Coaster ya kukodi. Karibu wote ni walimu watarajiwa wa Jiografia na Historia, mwaka wa pili na wa tatu. Kila mmoja alichanga 35,000. Kwa mtu anayekula chipsi kavu tangu tarehe kumi na tano, hiyo si hela ndogo. Mimi niliuza dera jipya nililoletewa na dada yangu. (Dada, kama unasoma, nisamehe. Lilikuwa linanibana.)

Raha ya kwanza ya safari hii ni kwamba wanyama unawaona kabla hujafika popote. Barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia inakatiza katikati ya Hifadhi ya Mikumi, kama kilomita 50 hivi. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1964, ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230, na wewe unapita katikati yake bila kulipa senti, kichwa dirishani. Tuliona swala, pundamilia, twiga watatu, na nyani wanaokaa kando ya lami kama wanasubiri daladala. Dereva anatakiwa apunguze mwendo. Na kuna kibao cha faini kwa anayegonga mnyama: kila mnyama na bei yake, kwa dola. Basi la nyuma yetu lilikuwa na haraka, nasi tukacheka, "Huyo anataka kununua twiga."

Kumbukeni hicho kibao.

Mikumi mjini tulikunywa chai na chapati, tukapinda kulia kushika barabara ya kwenda Kilosa. Huko njiani kuna mahali panaitwa Ulaya. Ndiyo, Ulaya. Kata halali kabisa ya wilaya ya Kilosa. Mnaweza kufikiria utani uliopigwa ndani ya gari. Jamaa mmoja alimpigia mama yake: "Mama, leo naelekea Ulaya," mama akashangilia upande wa pili mpaka tukaona aibu sisi.

Tuliposhuka ni kijiji kimoja huko njiani. Jina silitaji, na mkisoma hadi mwisho mtajua kwa nini. Ni bonde: mto mdogo katikati, mpunga sehemu za chini, mahindi na migomba pembeni, halafu milima inapanda taratibu. Hapo ndipo alipotupokea kijana aliyetuongoza siku nzima. Ana umri kama wetu. Alimaliza kidato cha nne, matokeo hayakuwa mazuri, akarudi nyumbani. Analima, na wageni wakija anawatembeza. Tangu dakika ya kwanza alituita "walimu". Walimu, karibuni. Walimu, hapa pana utelezi. Sisi tuliokuwa tunatafuta mtandao wa simu juu ya kichuguu tuliitwa walimu.

Baiskeli zilikuwa 14, nyingi ni zile Phoenix za wanakijiji wenyewe, zenye keria ya kubebea mahindi na magunia ya mkaa. Kwa hiyo wawili wawili, mmoja anaendesha, mmoja nyuma. Mimi baiskeli sijui. Nimekulia mjini, nyumbani kwetu baiskeli ilikuwa ya kaka zangu na mtoto wa kike alikuwa wa kupakiwa. Basi nikapakiwa. Kilomita ya tatu, kwenye daraja la magogo, dereva wangu akashika breki, breki ikakataa, tukaingia wote kwenye majaruba ya mpunga. Watoto wa kijiji walicheka mpaka wakakaa chini. Binti mmoja wa kama miaka kumi akaichukua ile baiskeli, akaingiza mguu mmoja chini ya mtaimbo maana hafikii kiti, akaiendesha hadi kwetu tulipokuwa tunakamua nguo. Akasema, "Dada, shika." Nikasema sijui. Aliniangalia kwa huruma ambayo sijawahi kuangaliwa nayo hata na msimamizi wangu wa mazoezi ya kufundisha.

Njiani kijana wetu alikuwa anasimama kila mara. Alituonyesha shamba la mahindi lililolala chini kama limepitiwa na trekta. Tembo. Wanatoka hifadhini usiku, maana tembo hajui mpaka. Alituonyesha mkondo wa zamani wa maji na jinsi mto ulivyohama. Alitueleza kwa nini mpunga unapandwa hapa na mahindi pale, udongo upi unashika maji na upi unayapitisha, akiubonyeza kwa vidole. Nilikuwa nimefundisha mada hiyo hiyo ya udongo kwenye mazoezi ya kufundisha mwaka jana, dakika 80, kwa chaki. Sikugusa udongo hata punje.

Halafu mapango. Hapa ndipo nilipojiaibisha, na bora niseme mwenyewe kabla hajasema mwingine.

Tulipanda kama saa nzima. Kabla ya kufika, kijana alitusimamisha kwenye nyumba ya bibi yake. Tukasalimia, "Shikamoo bibi," akaitikia, "Marahaba, wajukuu zangu, mmetoka mbali." Kijana akaomba ruhusa kwa Kisagara, wakazungumza kidogo, bibi akatoa masharti: viatu nje, sauti chini, usichukue kitu, usiache kitu. Kijana akatueleza kwamba kwa Wasagara ukoo unafuata upande wa mama. Pango ni la ukoo wa bibi, si la ukoo wa babu, kwa hiyo mwenye neno ni bibi. Wenzangu wa Historia walijua hilo kutoka kwenye madesa: Wasagara, Wakaguru, Waluguru, wote hawa huhesabu ukoo kwa mama. Lakini kulisoma ni kitu kimoja. Kusimama uani, ukisubiri bibi wa watu aamue kama utaingia au utarudi, ni kingine.

Tukaingia. Giza, baridi, popo wachache. Mimi nikaona huu ndio wakati wangu. Nikawasha tochi ya simu nikaanza: "Jamani, mapango hutokana na maji ya mvua yenye asidi hafifu kuyeyusha chokaa, na juu tunapata stalaktiti, chini stalagmiti..." Nikawa namulika juu nizitafute. Kijana akasubiri nimalize. Akauliza kwa adabu kabisa, "Ziko wapi, mwalimu?"

Hazikuwepo. Pango lile si la chokaa. Ni mawe makubwa ya miamba geu ya kale sana, yaliyopasuka na kuporomoka mlimani yakaegemeana, yakaacha nafasi chini. Ukitaka stalaktiti nenda Amboni kule Tanga, ndiko kwenye chokaa. Mimi nilikuwa nimebeba picha ya kitabuni kichwani nikaibandika kwenye mlima ambao haukuiomba. Na mbaya zaidi, nilikumbuka kwamba mwaka jana ubaoni nilizichora zote mbili kwa majina yaliyobadilishana: ya juu nikaiita ya chini. Watoto 60 wa kidato cha tatu walinakili. Sijui nitawatafuta wapi.

Kijana hakunicheka. Alisema bibi yake aliambiwa na wakubwa wake kwamba watoto na wanawake walifichwa humo wakati wa vita vya Wajerumani. Tukakaa kimya kidogo. Maji Maji tunaisoma kama jambo la kusini, la Kinjeketile na Umatumbi, 1905 hadi 1907, tunasahau kwamba moto ule ulifika hadi huku Kilosa. Hakuna aliyepiga picha kwa kama dakika mbili, na kwa kundi letu hiyo ni rekodi.

Tukashuka, tukala wali na kuku wa kienyeji, tukarudisha baiskeli. Saa kumi jioni. Sasa ndiyo inakuja ile habari yangu.

Tulikuwa tumekubaliana na kijana, kwa simu, wiki mbili kabla: 80,000 kwa kutuongoza siku nzima. Kila mtu anajua, imo kwenye bajeti tuliyosomewa siku ya kuchanga. Baiskeli na chakula vililipwa mbali, hivyo sina neno. Ilipofika zamu yake, kiongozi wetu wa safari alimwita pembeni ya gari, akaniita na mimi kwa kuwa nilikuwa karibu na nina mwandiko mzuri. Akamhesabia 30,000. Akamwambia hela zimepungua, mafuta yamepanda, si unatuona sisi ni wanafunzi. Halafu akatoa kitabu cha risiti, akafungua ukurasa, akasema, "Weka saini hapa, kiasi tutajaza chuoni, kuna utaratibu wetu." Kijana aliitazama ile karatasi. Sehemu ya kiasi ilikuwa tupu. Akanitazama mimi. Akaweka saini.

Chini yake palikuwa na mstari wa shahidi. Nikapewa kalamu.

Nikasaini, jamani. Sitaki kuremba. Sikusema neno. Dereva alikuwa anapiga honi, watu wameshapanda, nilikuwa na matope hadi masikioni na nilitaka kukaa. Hayo ndiyo yalikuwa mawazo yangu yote.

Tulirudi kwa njia ya Kilosa mjini, tutokee Dumila. Tukauvuka Mkondoa, mto ule uliofurika mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 ukabomoa reli na kuwaacha maelfu bila makazi. Upande mwingine kuna reli mpya ya SGR. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme ya Dar hadi Dodoma inapita Kilosa, na milimani imechimbiwa mahandaki manne, moja linazidi kilomita. Mtu akapiga kelele, "Haya ndiyo mapango ya kweli, tena yana kiyoyozi!" Wote wakacheka. Mimi nikacheka kidogo.

Halafu, giza linaanza kuingia, nikaona kibao cha shule. Msowero.

Mwanahistoria yeyote aliyefundishwa nchi hii ameshashtuka. Msowero ndiko kwa Mangungo. Novemba 1884 Karl Peters na wenzake walikuja huku Usagara wakitokea Zanzibar, wakapita kijiji hadi kijiji na makaratasi ya Kijerumani, na Mangungo wa Msovero akaweka alama yake kwenye mkataba wa urafiki ambao maana yake ilikuwa ameikabidhi nchi. Mashahidi walikuwepo, majina yao yameandikwa. Tarehe 26 Februari 1885 mkutano wa Berlin ulifungwa, na kesho yake tu, tarehe 27, Peters alipewa hati ya ulinzi ya Kaisari. Karatasi zilikuwa zimefanya kazi yake.

Gari zima lilianza kuimba jina lake. "Mangungoo! Mangungo mjinga!" Kiongozi wetu wa safari ndiye aliyeimba kwa sauti kuliko wote, kitabu cha risiti kikiwa kwenye begi lake.

Wadau, hapo ndipo nilipoona aibu mpaka jasho likanitoka. Na tangu siku hiyo nina hoja, naomba niitoe.

Shuleni sote tumejibu swali lile: "Eleza sababu zilizowafanya watawala wa Kiafrika kusaini mikataba ya kilaghai." Namba moja tunaandika ujinga. Hawakujua kusoma, hawakujua maana ya karatasi. Tunapata alama mbili, tunasonga mbele. Ni kweli Mangungo hakuweza kusoma Kijerumani. Lakini nani katika sisi angeweza? Mwandishi alikuwa wa Peters, mkalimani alikuja na Peters, mashahidi wa Peters, na nakala ikaondoka na Peters. Mtu akizungukwa hivyo, kumwita mjinga ni kumsaidia tapeli kujificha.

Na kijana wetu je? Yeye anasoma. Aliona kabisa kwamba kiasi hakijaandikwa. Juzi nilimpigia, nikamuuliza kwa nini alisaini. Alisema, "Mwalimu, siyo kwamba sikuelewa. Ningekataa mngeondoka na hiyo elfu thelathini pia, na mwakani msingekuja. Gari ni lenu."

Gari ni lenu. Jibu hilo sijalikuta kwenye desa lolote. Mtu anaweza kusaini kitu anachokijua kuwa ni kibaya, kwa sababu mwenye gari ndiye mwenye saa, ndiye mwenye kalamu, na ndiye anayeondoka. Nikija kufundisha mada hii, hilo nitaliweka ubaoni juu ya neno ujinga, hata kama mwongozo wa kusahihisha haulitambui.

Najua mtakayosema, maana mengine nimeshaambiwa. Kwamba 30,000 kwa siku moja kijijini ni hela nyingi. Inawezekana. Lakini bei tuliikubali sisi wenyewe, hakutushikia panga. Kwamba mafuta yalipanda kweli. Sawa, basi aambiwe asubuhi kabla hajatutembeza, achague. Na kama hela zilipungua, kwa nini risiti iwe tupu? Hesabu iliyosomwa kwa wanachama Jumatano iliyopita inasema: mwongozaji, 80,000, saini ipo, shahidi yupo. Shahidi ni mimi. Tofauti ya 50,000 sijui imelala wapi, ila mwandiko unaoithibitisha ni wangu.

Pia nimeambiwa naharibu jina la chama. Jamani, sisi ni walimu wa kesho. Tutashika michango ya wazazi, hela za mitihani ya majaribio, hela za uji. Kama elfu hamsini ya kijana wa rika letu tunaipitisha hivi, ya mjane wa kijiji tutaipitishaje?

Wengine wamependekeza tuache hizi safari. Hapana, mimi napendekeza ziongezeke. Siku ile moja nilijifunza udongo, ukoo wa mama na mwamba kuliko muhula mzima. Na watu wa bonde lile wananufaika wageni wakija. Kijana aliniambia yeye mwenyewe, anayelala akisikia tembo, ameingia hifadhini mara moja tu, tena akiwa shule ya msingi. Wenzetu hawa wanaishi na wanyama, wanapata hasara ya wanyama, na kipato kinachowafikia ni hicho cha kutembeza watu kama sisi. Ndiyo maana bei yake isiwe ya kuombana.

Kwa hiyo naomba mambo matatu tu kabla ya safari ijayo. Moja, makubaliano na mwongozaji yaandikwe kabla, kwa Kiswahili, naye abaki na nakala. Mbili, alipwe nusu tukifika na nusu tukimaliza, mbele ya wasafiri wote, siyo nyuma ya gari. Tatu, mtu yeyote asisaini sehemu tupu, na shahidi asiwe wa upande mmoja. Twiga wa Mikumi ana bei yake kwenye kibao, imeandikwa, hakuna anayebishana nayo. Mtu naye aandikiwe.

Mimi nimeshaandika barua kwa chama kwamba naondoa saini yangu ya ushahidi na kwamba kiasi nilichokiona kwa macho ni 30,000. Barua wanayo tangu Ijumaa. Bado sijajibiwa, ila nimetolewa kwenye grupu moja.

Na kwa sababu dhamiri ilinisumbua, nilimtumia yule kijana 20,000 kwa simu kutoka kwenye hela yangu ya kula. Baada ya dakika kumi ikarudi. Yote, na yeye ndiye aliyelipia makato ya kuirudisha. Chini akaandika ujumbe: "Asante mwalimu. Ila hii ni yako au ya chama? Kama ni yako, kula. Ya chama nitaisubiri."

Anaisubiri. Mkutano ni Alhamisi saa kumi na mbili jioni, pale pale kwenye vimbweta vya nyuma ya maktaba. Mliokuwa kwenye ile Coaster, mlioimba na ambao hamkuimba, naomba mje. Atakayenifundisha baiskeli kabla ya hapo nitamnunulia soda.

Naomba kutoa hoja.